Maziwa ya Wimbo wa Mwisho

Jirani yangu ana sauti ya besi, na mimi sina sauti yoyote. Naanzia hapo kwa sababu ugomvi wangu naye haukuanzia kwenye maziwa. Ujanani aliimba kwaya moja na msichana ambaye baadaye nilimwoa mimi. Mpaka leo, sote tukiwa na mvi, wimbo ukianza kanisani mke wangu hugeuza kichwa kuelekea safu ya besi. Hugeuza kidogo tu, lakini mimi ndiye ninayekaa ubavuni mwake, na kidogo hicho nakiona.

Hapa kijijini kwetu Mhezi sadaka si fedha peke yake. Watu huleta ndizi, mayai, tangawizi, hata kuku, na ibada ikiisha vitu hivyo hunadiwa uwanjani. Jirani hutoa maziwa. Nyumba yake iko chini tu ya kanisa, kwa hiyo wimbo wa mwisho unapoanza hutoka taratibu, akateremka, akakamua, na mnada ukifika kwenye mayai huyo anapanda na ndoo iliyojaa povu. Watu humshangilia kama bwana harusi. Na mnunuzi, Jumapili baada ya Jumapili, ni mke wangu.

"Maziwa ya shemeji ni mazito," husema akiyachemsha. "Ona utando huu, umefunika sufuria nzima."

Nilimkumbusha kwamba na sisi tuna ng'ombe.

"Wetu anatoa maji yenye rangi," akajibu, akacheka.

Hakuwa na nia mbaya. Lakini kicheko kile nilikaa nacho wiki nzima.

Nilisoma mpaka kidato cha nne, na kemia ndilo somo nililolipenda. Mwalimu alituanzia mbali: maada ni kitu chochote chenye uzito na kinachochukua nafasi. Kisha alijaza maji kopo moja, mafuta ya kula kopo jingine la ukubwa ule ule, akayapima kwenye mizani. Maji yakawa mazito zaidi. Nafasi ni moja, uzito si mmoja, na kipimo cha tofauti hiyo, alisema, kinaitwa densiti. Jirani yangu aliishia darasa la saba. Hilo sikuwahi kulisema mbele ya watu, ila moyoni nililitunza kama shamba la urithi.

Basi nikateremka Same mjini, nikaaga kwamba nafuata dawa ya minyoo. Katika duka la dawa za mifugo nikanunua kipimo cha maziwa: mrija wa kioo wenye tumbo zito chini na alama shingoni. Kwenye maziwa halisi huelea juu. Yakitiwa maji, maziwa huwa mepesi kwa nafasi ile ile, nacho huzama zaidi.

"Shikamoo mzee. Umefungua kiwanda?" kijana wa duka aliniuliza.

"Marahaba. Kuna mtu namchunguza."

"Mke au jirani?"

Nililipa nikaondoka.

Jumapili asubuhi nilikijaribu kwenye maziwa ya ng'ombe wetu, yaliyokuwa yamelala dirishani na baridi yetu ya Julai. Kikaelea barabara. Maji yenye rangi, eti!

Nikakifunga kwenye kitambaa, nikachukua na jagi refu, nikaenda kusali. Sikumbuki mahubiri. Nilikuwa nasubiri wimbo wa mwisho.

"Maziwa hayo!" mzee wa kanisa alinadi. "Ya moto, ng'ombe mwenyewe bado anajiuliza yamekwenda wapi! Nani anaanza?"

Mke wangu akanyoosha mkono.

"Ngoja kwanza yapimwe," nikasema.

Nikamimina kwenye jagi, nikatumbukiza kipimo. Kikazama, alama ya maziwa halisi ikapotelea ndani. Nikaliinua jagi ili hata walio nyuma waone.

"Yana maji."

Jirani alidhani natania. "Maji ya wapi, ndugu yangu? Nimetoka kwa ng'ombe, sikupitia mtoni."

Wachache walicheka, wakaacha. Mama mmoja akanong'ona, "Kumbe ndiyo maana ya povu lote lile."

Hapo jirani akamgeukia mke wangu. "Shemeji, mimi ni wa kumtilia Mungu maji?"

Mke wangu alinitazama, akatazama jagi, akashusha mkono. Jirani akachukua ndoo yake, akateremka nayo. Nami nilifurahi. Nilifurahi hasa kwa ule mkono ulioshuka.

Nyumbani niliweka jagi dirishani na kipimo chake ndani, mke wangu alione kila akipita. Tulikula makande. Baada ya chakula nikaenda kuutazama ushindi wangu.

Kipimo kilikuwa kimepanda.

Nikakigusa kwa kidole. Kikazama kidogo, kikarudi juu, pale pale kilipoelea kwenye maziwa yetu. Nikalishika jagi. Lilikuwa baridi.

Ndipo nikakumbuka nusu ya pili ya somo. Kitu kikipata joto hutanuka: uzito wake hauongezeki, bali huchukua nafasi kubwa zaidi. Maziwa yaliyotoka kwenye chuchu sasa hivi, yenye joto na mapovu ya hewa, ni mepesi kwa nafasi ile ile. Mwalimu alituonya tusilinganishe vitu viwili kabla havijawa na joto sawa. Nililijua hilo. Kama ningekuwa nampima mtu nisiyemwonea wivu, ningengoja yapoe.

Nilimwita mke wangu nikamweleza. Akakigusa kipimo kwa kidole, kikazama, kikarudi juu.

"Na mimi nikashusha mkono," akasema.

"Nitamwendea sasa hivi."

"Ulisemea nyumbani kwake?"

"Mnadani."

"Basi ukayafute huko huko."

Jumapili iliyofuata jirani alikuja mikono mitupu. Wimbo wa mwisho ulianza, na besi yake ikabaki ndani mpaka mwisho; niliisikia hata zizini kwetu, nilikokimbilia. Mnadani niliomba nafasi. Nilikuwa na majagi mawili ya maziwa ya ng'ombe wetu, moja la baridi, jingine la moto, niliyoyakamua wakati wa wimbo ule. Kwenye la baridi kipimo kikaelea. Kwenye la moto kikazama.

"Kwa kipimo cha Jumapili iliyopita," nikasema, "anayetia maji ni mimi. Maziwa ya jirani yalikuwa safi. Nilikuwa na wivu, nikakosa subira."

Walicheka sana, na waliyekuwa wakimcheka ni mimi.

"Kwa hiyo darasa la saba tumefaulu?" jirani akauliza kwa ile sauti yake.

"Mmefaulu. Nisamehe, ndugu yangu."

"Mwombe ng'ombe kwanza. Yeye ndiye uliyemtukana."

Alirudi na ndoo Jumapili iliyofuata. Wimbo wa mwisho ulipoanza akatoka, na mke wangu akageuza kichwa kuelekea safu ya besi, akakuta pengo. Mnadani mimi ndiye niliyewahi kunyoosha mkono. Nikayabeba mwenyewe hadi nyumbani, nikayachemsha mwenyewe, nikasimama juu ya sufuria nikiyasubiri yapoe.

Utando ulifunika sufuria nzima. Nilitamani usifunike.