Msimu Ambao Mama Alibaki Sericho

Harufu ya baba ndiyo iliyotangulia kufika nyumbani. Kabla hatujasikia viatu vyake uani, dizeli na ngozi mbichi za mbuzi zilikuwa zimeshaingia mlangoni, zikashika pazia, zikashika kiti chake, zikakaa hata kwenye chai. Baba alikuwa dereva wa lori la tajiri mmoja wa pale Isiolo. Alipeleka unga, sukari na majani ya chai Garba Tula na Sericho, akarudi na ngozi. Sisi tuliishi Bula Pesa, katika nyumba ya vyumba viwili yenye kuta za udongo na paa la mabati lililolia kwa joto kila adhuhuri. Ndugu zangu wakubwa walikuwa shule za bweni upande wa Meru, kwa hiyo tulibaki watatu: baba aliyekuwa njiani, mama aliyekuwa sokoni, na mimi. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, mwaka ambao mvua ilitusahau, nami nilikuwa na umri wa kutumwa dukani lakini si wa kuelezwa mambo.

Mapumziko ya baba yalikuwa usingizi. Akirudi alioga, akala, akalala, na nyumba nzima ikatakiwa kunyamaza. Hata sufuria mama aliziosha mbali, kwenye ua wa nyuma, asije akaziangusha zikamwamsha. Jumapili alasiri, akishapata nguvu, wanaume wenzake walikuja wakaketi kibarazani, na hapo ndipo ulimi wake ulipofunguka. Aliwasimulia ngamia walioziba barabara karibu na Kulamawe, twiga waliosimama kuangalia lori kana kwamba wanalikagua, mto wa Ewaso ulivyojificha chini ya mchanga. Mama alikuwa jikoni, mwiko umesimama ndani ya sufuria, akisikiliza. Alizijua safari za mume wake kama mtu anavyoujua ugomvi wa majirani, kwa kusikia kupitia ukutani. Siku alipomwoa na kumtoa kwao Nyambene, baba alimwahidi kwamba mke wa dereva hakai mahali pamoja. Lakini yeye alikaa. Alikuwa na meza yake ya kabichi na viazi sokoni, na njia yake ilikuwa ile ya kutoka nyumbani hadi kwenye meza hiyo, kwenda na kurudi, hadi visigino vyake vikapasuka kama ardhi ya kiangazi.

Aliyempunguzia uzito huo alikuwa Akiru, jirani yetu wa ukuta mmoja. Alikuwa Mturkana, mjane asiye na mtoto, msaidizi katika zahanati, mwanamke mrefu mwenye kicheko kilichoanza chini kabisa na kuchukua muda kufika. Alikutana na mama kwenye foleni ya maji, wakakutana tena kwenye kwaya ya kanisa, na baada ya hapo hawakuachana. Jioni Akiru alitandika mkeka kwenye kivuli cha ukuta wetu, mama akaketi katikati ya miguu yake asukwe nywele. Waliongea Kiswahili chao cha kuokoteza, kila mmoja akitia neno la kwao pale lugha ilipomkimbia. Wakati mwingine hawakuongea kabisa. Mara nyingi niliwakuta wamekaa tu, mama amefumba macho, vidole vya Akiru vinatembea kichwani mwake, na nilijua hapo si mahali pa kuleta shida zangu za daftari.

Kisha Akiru akahamishiwa Sericho. Aliondoka asubuhi moja juu ya lori lile lile la baba, sanduku lake limefungwa kwa kamba, na mama akabaki amesimama barabarani mpaka vumbi lilipotulia. Siku zilizofuata alifanya kila kitu alichokuwa akifanya, ila aliacha kuimba. Nywele zake alizifunga kitambaa. Baba aliporudi alitoa salamu za Akiru kwa maneno mawili, yu salama, kisha akaomba maji ya kuoga. Mama akamwomba ampeleke akamwone. Baba akasema lori si mahali pa mwanamke, jua lingemuua, na barabara ile ilikuwa na watu wenye bunduki. Yote yalikuwa kweli. Alimwomba tena safari iliyofuata, na nyingine, bila kupandisha sauti, mpaka shule zilipofungwa, ndugu zangu wakaenda kwa bibi Nyambene, na baba akakubali kama mtu anayetua mzigo, kwa sababu kuendelea kukataa kulikuwa kumeshamchosha.

Nilimtazama mama akifungasha. Alikunja nguo zake zote, hata zile za kwenda mazishini. Alichukua sufuria yake nzuri na vitambaa vya viti alivyodarizi kabla ya kuolewa. Nilifurahi, nikidhani safari njema ndivyo inavyofungashiwa.

Tulikaa mbele, mimi katikati, injini ikituchoma miguu. Baada ya kizuizi cha polisi mji uliisha ghafla, na nchi ikawa tambarare, ya kijivu, yenye miti ya miiba iliyosimama mbalimbali kama watu waliokosana. Mama aliuliza kila kitu. Kile kilima kinaitwaje? Wale ni pundamilia? Baba alijibu kwa neno moja moja, macho barabarani. Tulipopata pancha, yeye akalala chini ya lori akigombana na spana, na mama akaketi chini ya mgunga, akamimina chai kutoka kwenye chupa, akavua viatu. Alikuwa anatabasamu. Baba alitokeza kichwa, uso umejaa grisi, akamwangalia kwa mshangao wa kweli. Kwake yeye pale palikuwa mahali pa balaa. Mwanamke huyu alikuwa amefika matembezini.

Sericho ilikuwa safu ya maduka machache, msikiti, zahanati, kituo cha polisi, na kisima cha pampu kilichozungukwa na ngamia na punda tangu alfajiri. Watu walitusalimu kwa nagaa ya Kiborana na kwa salaam aleikum, na mzee mmoja, alipojua tumetoka Isiolo, akatuuliza Kenya hawajambo, kana kwamba tumevuka mpaka. Akiru alitoka zahanatini anakimbia, akamkumbatia mama, na wote wawili wakalia pale pale mbele ya wagonjwa. Alikuwa amekonda. Chumba chake kilikuwa kimoja, kitanda kimoja, na mtungi wa maji uliofunikwa kwa sahani kama kitu cha thamani.

Baba alishusha mizigo, akapakia ngozi, na asubuhi ya kuondoka akapiga honi. Mama alitoka mikono mitupu, akasimama upande wa dirisha lake.

“Baba Mutuma, mimi nabaki,” alisema, akimwita kwa jina la kaka yangu mkubwa.

Baba alidhani anasema juma moja. Akamwambia angempitia safari ijayo. Mama akatikisa kichwa. Nakumbuka alivyoongea, polepole, kama mtu aliyekariri.

“Sijui kama nitarudi. Nimechoka kuwa mahali pa wewe kulala.”

Injini ilikuwa inanguruma, na kwa muda nilidhani baba hakusikia. Kisha nikaona mikono yake ilivyoukaza usukani. Aliniangalia mimi, nami nikashika gauni la mama, na hilo likawa jibu. Lori likaondoka taratibu, taratibu kuliko nilivyowahi kuliona likienda.

Mwanzoni ilikuwa raha. Mkeka ulitandikwa tena, nywele zikasukwa, na mama akaimba. Lakini mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na Sericho hapakuwa na shamba la kulima. Kulikuwa na maji tu, ya kupangia foleni chini ya jua, na ndoo iliyomtosha mtu mmoja sasa ilinywesha watatu. Akiru alirudi kutoka kazini amechoka akakuta mtungi umeshuka. Hakulalamika, ila kicheko chake kilianza kuchelewa, kisha kikaacha kuja. Mama naye aliamka akiwa na jambo la kumweleza kuhusu baba, akalala akiwa nalo. Nililisikia mara nyingi hata mimi nikachoka nalo, na lilikuwa jambo langu pia.

Jioni moja Akiru aliweka chini kikombe chake, akamgeukia mama. Mimi nilikuwa napepeta mchele, nikaacha.

“Dada yangu, mimi nilikukosa kuliko unavyojua,” alisema. “Nilitamani uje. Lakini wewe hukuja kwangu. Ulimkimbia yeye, na kila siku unamwongea yeye. Wangu amelala kaburini. Wako anaendesha lori. Mwambie yeye.”

Mama aliinuka, akachukua ndoo, akaenda kisimani wakati ambao hakuna mtu aliyekuwa akienda, na alikaa huko mpaka Akiru akamfuata. Walirudi wameshika ndoo pamoja, kila mmoja upande wake, na jambo hilo hawakulisema tena. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, tunaambiwa. Hatuambiwi kwamba kufaana kwenyewe huuma, na kwamba kidonda kikipona huacha alama.

Baba alikuja mchana wa siku ya soko, na hatukumtambua. Tulikuwa tukiangalia lori lake, kumbe yeye alikuwa juu ya mizigo ya lori la mtu mwingine, amejifunga kitambaa usoni, mweupe kwa vumbi kama aliyefukuliwa. Alikuwa ameomba likizo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nizaliwe. Alishuka akiyumba, akatapika kando ya ukuta. Mtu aliyeendesha barabara ile nusu ya maisha yake alikuwa hajawahi kubebwa juu yake. Mama alimletea maji ya kunawa. Baba akanawa, akakaa kwenye kizingiti.

“Sikujua kama huko juu kuko hivyo,” alimwambia. “Huoni mbele. Unarushwa tu. Hata hujui ni lini mtafika.”

Mama alimwangalia muda mrefu. “Ndiyo,” akamjibu. “Ni hivyo.”

Msamaha haukuombwa na haukutolewa. Lori la kurudi halikuwepo, na baba hakuwa na kazi ya kufanya, kwa hiyo kwa mara ya kwanza nilimwona baba yangu akiwa macho na akiwa bure. Alilala kwa askari mmoja aliyemfahamu. Mchana alirekebisha mlango wa Akiru, akapanga foleni ya maji pamoja na wanawake, wakamcheka, naye akacheka. Jioni walitoka, yeye na mama, wakatembea hadi mto mkavu na kurudi. Niliwafuata mara moja kwa mbali. Alikuwa anamwonyesha vitu kwa mkono, huku na kule, na mama alikuwa anauliza. Sikusikia maneno. Niliona tu kwamba walikwenda sambamba, na kwamba baba, aliyekuwa na mwendo mrefu, alikuwa anafupisha hatua zake.

Lori lilipopatikana, mama alifungasha. Kile kitambaa chake kizuri zaidi cha kudarizi alikiacha juu ya meza ya Akiru. Waliagana kwa kushikana mikono, muda mrefu, kama watu wawili waliosafiri pamoja na ambao sasa kila mmoja anajua uzito wa mwenzake.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Baba alirudi kazini, akarudi kwenye usingizi wake, kwani mwili wa dereva hauna namna nyingine. Lakini mara moja moja, shule zikifungwa, alimwambia mama avae viatu, na mama alifika Merti, akafika Oldonyiro siku ya mnada wa mifugo, na Jumapili alitoka jikoni akakaa kibarazani na kumsahihisha baba mbele ya wageni pale alipotia chumvi. Akiru alihamishwa tena, kisha tena, mbali zaidi. Alitutembelea mara mbili ninazozikumbuka. Walisukana nywele, wakacheka, lakini mama hakufumba macho. Urafiki wao haukufa; ulichoka tu, kama miguu inavyochoka baada ya mlima.

Sasa baba hayupo, na barabara ya kwenda Isiolo ni lami tupu. Mimi nasafiri zaidi kuliko alivyosafiri yeye. Kazi yangu ni ya mikutano, na nimelala katika hoteli za miji ambayo nikiulizwa siwezi kuieleza, kwa sababu niliingia giza likiwa limeingia na nikatoka kabla ya jua. Mume wangu naye ana safari zake. Tunaulizana kwa simu kama tumefika, tunajibiana kwamba tumefika, na wikendi tukikutana nyumbani, kila mmoja anamwacha mwenzake alale. Hatujagombana kwa muda mrefu sasa. Ninapowasikia watu wakisema zamani kulikuwa na shida, nakubali. Kulikuwa na ndoo moja kwa watu watatu. Lakini mwanamke aliyekuwa amechoka aliweza kusimama kando ya dirisha la lori akausema uchovu wake, na mtu aliyeambiwa akapanda juu ya mizigo akaja.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona mama. Macho yake yamepungua nguvu, lakini bado anajua kuona. Aliniuliza habari ya kazi, nikamweleza. Akaniuliza habari ya mume wangu, nikasema ana shughuli nyingi. Akageuza kikombe chake.

“Na uko na mtu wa kukaa naye, Kendi? Kukaa tu, bila kufanya kitu?”

Nilifungua mdomo nimtajie mtu. Mama alisubiri. Chai ikapoa mikononi mwetu, naye bado alikuwa anasubiri.