Nilisema pete haiko kwenye shamba la Kapseret, na watu wakaniamini

Wakuu, salamu kutoka Eldoret, huku mvua imetupa nafasi kidogo leo.

Naandika kwa simu nikiwa na miwani, kwa hivyo mtanivumilia pale vidole vitakapokosea. Nitakayosimulia yalinipata mimi mwenyewe mwaka huu, msimu wa kuvuna maharagwe. Nimebadilisha majina peke yake.

Mimi ni mzee wa West Indies, mtaa wa hapa Eldoret. Nilikuja mjini hapa nikiwa kijana kutoka upande wa Webuye, nikafanya kazi ya stoo mpaka nikastaafu.

Kustaafu kunachosha kuliko kazi. Basi nikanunua metal detector kutoka kwa jamaa aliyekuwa akitafuta vyuma chakavu. Ni fimbo yenye sahani chini. Unaipitisha juu ya udongo ukiwa na headphone masikioni, na ikihisi chuma inalia.

Nilianza kwa mchezo tu. Halafu mama mmoja wa kanisani akapoteza pete kwenye viazi, nikampatia. Tangu siku hiyo nikawa Mzee wa Pete. Sitozi mtu. Wakinipa maziwa, nachukua.

Sasa twende kwenye jambo lenyewe.

Nilipigiwa simu na mama mmoja wa Kapseret, nje kidogo ya mji, nitamwita Mama Ivy. Ameolewa na mkulima wa ng'ombe wa maziwa, nitamwita Kibet. Wanaishi boma moja na mama yake Kibet, ambaye kila mtu pale anamwita Kogo, yaani nyanya.

"Baba," akaniambia, "nimesikia wewe ni mtu wa kwetu Webuye. Pete yangu ya ndoa imepotea kwa maharagwe. Naomba uje kabla hii maneno haijaniharibikia."

Kumbe ilikuwa imeshaanza kuharibika. Wiki hiyo hiyo kaka yake alikuwa amekuja kumtembelea. Pikipiki ya huyo kaka ilikuwa imeua engine siku nyingi, na sasa ilikuwa inanguruma barabarani. Kogo alikuwa ameshaunganisha mambo mawili, kwamba pete imeuzwa kutengeneza pikipiki. Nilimsikia mwenyewe akisema pale nje ya zizi, "Pikipiki inafufuka, pete inakufa. Wiki moja!"

Kwa hivyo mjue mapema, nilichoitiwa hakikuwa dhahabu. Mama huyu alitaka kuaminika katika nyumba aliyoolewa.

Nilifika nikakuta vibarua wanang'oa maharagwe upande wa pili, na majirani wameegemea ua. Hakuna siri unapobeba mashine kama ile.

"Mzee anapiga shamba pasi!" kibarua mmoja akasema, wakacheka.

"Ukipata mafuta utuite," mwingine akaongeza.

Nikacheka nao. Nikatoa pete yangu kidoleni, nikaiweka kwenye nyasi, nikaipitishia mashine. Ikalia vizuri. Nikaridhika.

Hapa niwaeleze kitu kidogo. Mashine hizi zina setting ya kuzuia takataka. Kipande kile cha shamba kilikuwa kimewahi kuchomewa taka, na kilijaa vifuniko vya soda na zile karatasi za rangi ya fedha zinazofungia dawa za ng'ombe. Kila hatua ilikuwa kelele. Basi nikaiambia mashine inyamazie kila kitu chenye mlio wa chini kuliko wa pete yangu.

Kabla sijaanza, Kogo akanitazama juu mpaka chini.

"Mzee, wewe na yeye ni watu wa upande mmoja. Sasa si tutaambiwa imepatikana hata kama ni ya mfukoni mwako?"

Watu wakacheka tena. Mimi sikucheka.

Nimeishi Eldoret miaka mingi, wakuu. Najua uzito wa neno kama hilo hapa kwetu, mahali watu wamewahi kuumizana kwa ukabila. Liliniuma, na moyoni nikasema leo nitawaonyesha kwamba sipendelei mtu.

Nikapita mistari yote. Mashine ilinyamaza karibu kila mahali. Nilipotoka, Kibet akaniuliza, "Mzee, iko ama haiko?"

Nikasema kwa sauti, ili hata wale wa kwenye ua wasikie: "Haiko. Kama ingekuwa hapa, ningeipata."

Kogo akapiga makofi mara moja. "Si mmesikia? Na ni mtu wao amesema."

Mama Ivy alinitazama, akaokota ndoo yake ya maziwa, akaingia jikoni.

Nilirudi nyumbani nikijisifu kuwa mimi ni mtu wa haki.

Siku chache baadaye nikasikia Mama Ivy amechukua mtoto ameenda kwa shangazi yake, mahali panapoitwa Plateau. Kibet hakumfukuza, lakini pia hakumzuia.

Nikajiambia hayo ni mambo ya watu na mke wao.

Kisha mke wa mwanangu akaja kutusalimia Jumapili. Akanikuta nasafisha mashine, nikaanza kumringia jinsi inavyofanya kazi. Nikaweka pete yangu kwenye nyasi, ikalia.

"Jaribu na yangu, Baba," akasema.

Yake ni nyembamba, kama waya. Nikaipitishia mashine. Kimya.

Nikapitisha tena. Kimya.

"Baba, kwani yangu ni plastiki?" akacheka.

Mimi nilikuwa nimeshakaa chini. Pete nyembamba ya mwanamke inalia karibu sawa na ile karatasi ya fedha ya dawa. Nilikuwa nimeizuia mashine kwa kipimo cha pete ya mwanaume, nene, halafu nikatangaza mbele ya watu kwamba ya mwanamke haiko.

Kesho yake nilikuwa Kapseret asubuhi. Nikamwambia Kibet ukweli wote tukiwa tumesimama langoni. Hakunitukana. Alisema tu, "Ingia, Mzee."

Safari hii sikuzuia kitu. Kila kelele nikachimba. Misumari, vifuniko, karatasi, waya wa ua, kipande cha sufuria. Mgongo ulikataa, nikapiga magoti.

Pete ilikuwa pale vibarua walipokuwa wakirundika maharagwe baada ya kukung'uta udongo kwenye mizizi. Mlio ulikuwa hafifu sana, ningeudharau siku yoyote nyingine. Nikafukua kwa vidole. Ilitoka na donge la udongo lililoshikana, na ndani ya donge kulikuwa na mafuta.

Kibet akainusa. "Milking jelly," akasema.

Tukaelewa wote wawili. Mkewe alikuwa ametoka kukamua, mikono bado ina yale mafuta ya kupaka chuchu za ng'ombe, akaingia moja kwa moja kung'oa maharagwe. Pete ilimteleza tu.

Tukaenda Plateau siku hiyo hiyo, sisi wawili, kimya kimya. Nikiri kwamba ukimya ule ulinipendeza. Nilitaka kurudisha pete jikoni kwa shangazi, niombe msamaha, ninywe chai, yaishe.

Mama Ivy aliitazama pete mezani bila kuigusa.

"Baba, siku uliposema haiko, kulikuwa na watu?"

"Walikuwepo."

"Wengi?"

"Wengi."

"Na leo umekuja na nani?"

Nikamgeukia Kibet, naye akatazama viatu vyake.

"Hiyo pete siichukulii hapa," Mama Ivy akasema. "Nitaichukulia pale uliponiangushia."

Basi Jumamosi nikasimama tena Kapseret, palepale penye ua. Vibarua walikuwepo, majirani walikuwepo, Kogo alikuwa amekaa kwenye kiti chake. Mama Ivy alikuja na shangazi yake.

Nikasema: "Nilitangaza hapa kwamba pete haiko. Ilikuwa hapa. Mashine haikukosea, mimi ndiye niliyeizuia. Na nilisema kwa sauti kubwa kwa sababu niliogopa mtasema nampendelea. Huyu mama alisema ukweli tangu mwanzo."

Yule kibarua wa pasi akavua kofia, sijui kwa nini.

Mama Ivy akaichukua pete, akaifunga kwenye pindo la leso.

Kogo hakusema pole. Aliinuka, akaenda mpaka kwenye nguzo ya zizi, akachukua mkebe wa milking jelly.

"Hii itakaa kwangu," akasema. "Asubuhi nitakamua mimi."

Kama mnawajua wazee wa huku, mtaelewa kumpokea mke wa mwanawe kazi mbele ya watu kulimgharimu kiasi gani.

Kama Mama Ivy anaivaa sasa, sijui. Sikuuliza, na sidhani ni haki yangu kuuliza.

Nilichojifunza ni kwamba mtu wa umri wangu akisema kitu hakipo, watu wanaacha kukitafuta. Siku hizi nikitoka shambani mikono mitupu nasema, "Mimi sijaipata." Halafu naongeza, "Muite na mwingine ajaribu."

Wenye mashine hizi, niambieni mnafanyaje kwenye shamba lenye taka nyingi. Na wewe uliyewahi kumkazia mtu wa kwenu ili uonekane hupendelei, njoo hapa chini tuzungumze. Hata mkinilaumu, nitasoma.