Fundi Naye Apimwa

Fundi cherehani huongea na pini midomoni, na mteja akibana tumbo wakati wa kupimwa kiuno, humgusa begani. "Pumua, mwanangu. Gauni halidanganywi." Leo kapimwa yeye. Bima ya maisha aliyoichagua, ile ya bei nafuu, ya kuwasomesha wanawe hata yeye akifumba macho, ilitaka kwanza presha yake iwe ya kawaida. Muuguzi alipomfunga kitambaa cha kupimia presha mkononi, fundi akabana pumzi, na tumbo pia. Presha ikapanda. "Pumua, mama," muuguzi akasema. "Turudie." Akapumua, ikashuka, akakubaliwa. Jioni mteja mmoja akabana tumbo mbele yake. Fundi akalegeza futi ya kupimia, akamwongezea kiunoni nafasi ya vidole viwili.