Tundu Nililoliziba Mwenyewe

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka masikio yananichoma moto. Ni siku gari letu lilipozimika mara ya tatu kwenye mlima wa kutoka Kasulu kwenda Kibondo, mbele ya watu waliokuwa wakirudi sokoni, nami nikafungua mdomo kabla ya kufungua kisanduku cha spana. Kaa hapo kwenye tairi nikusimulie. Weka hiyo bisibisi chini, haitakimbia. Tangu juzi nakuona unahangaika peke yako na gari mlilokuwa mkilijenga wawili, na mwenzako namwona akipita ng'ambo ya barabara kama mtu asiyeijua gereji hii. Sikuulizi kilichotokea. Mimi nina langu la kusema.

Enzi hizo nilikuwa na nguvu, nywele na majivuno. Vyote vitatu vimeniacha, na hicho cha mwisho nashukuru kilivyokwenda. Rafiki yangu alikuwa Melkiori, huyu huyu Mzee Melkiori unayemwamkia kila asubuhi. Ilibaki kidogo sana leo tusijuane. Wazazi wake walivuka mpaka kutoka Burundi yeye akiwa mgongoni mwa mama yake, wakapata pa kulima Heru Juu, mihogo na maharage. Mimi nilikuwa mtoto wa mwenye duka mjini Kasulu, baba yangu mtu wa Ujiji. Melkiori alijua kuchomelea, mimi nilijua injini kidogo na kusema sana.

Tulikuwa tunajenga gari. Si kutengeneza, kujenga. Chesisi ilikuwa ya Landrova iliyokwisha kugeuzwa banda la kuku. Injini tuliitoa kwenye pikapu iliyopinduka. Viti vya basi bovu. Tangi la mafuta la lori la zamani. Paa tulilikata, na boneti hatukuweka kabisa, maana tulitaka watu waione injini. Watu wa Kasulu hawakosi jina la kumpa mtu. Wakaliita Makande: mahindi ya huku, maharage ya kule, chungu kimoja. Tulinuna siku mbili, siku ya tatu Melkiori akaliandika jina hilo ubavuni kwa rangi nyekundu.

Kwenye lile tangi kulikuwa na mfuniko wenye kitundu kidogo katikati, kama cha sindano. Gari likiruka kwenye mabonde, petroli ilirusha matone na kunuka. Mimi nikaona huo ni ubovu. Nikakiziba kitundu kwa risasi ya kulehemu, na ndani nikabandika mpira wa tyubu ya baiskeli. Hata tone halikutoka tena. Nilijisifia kazi ile wiki nzima mpaka mama yangu akaniomba ninyamaze nile.

Sasa, Makande halikuwa mchezo tu. Melkiori alikuwa ameposa Kibondo, kwa binti aliyeitwa Anastazia. Siku ya maongezi, mjomba wa binti, mtu mwenye maneno mengi kuliko meno, aliuliza mbele ya wazee: huyu kijana ana nini? Ng'ombe hana, shamba la baba yake la kupewa. Melkiori akajibu kwamba ana mikono yake, na siku ya harusi atamchukua bibi harusi kwa gari alilolijenga kwa mikono hiyo. Wazee wakacheka, lakini wakakubali. Harusi ikabaki majuma matatu, na gari haliwezi kuumaliza mlima mmoja.

Ugonjwa wake ulikuwa hivi. Asubuhi linawaka kwa mara moja, linanguruma mpaka kuku wanatawanyika. Tukitoka nalo, muda wa kuchemsha chai tu, linaanza kukohoa, linakosa nguvu, linazima. Mimi nilikuwa na kijiti changu cha kupimia mafuta. Kila likizima nilishuka, nikafungua mfuniko wa tangi, nikatumbukiza kijiti, nikaona petroli imejaa. Kisha ndipo tunabadilisha kitu. Tulibadilisha plagi; likawaka, tukashangilia, likazima mbele. Tukabadilisha koili, yale yale. Melkiori akaifungua kabureta, akapuliza kila njia yake kwa mdomo mpaka akawa anatema petroli, akaifunga upya kwa gasketi aliyoikata mwenyewe kwenye karatasi ngumu. Likawaka, likazima. Tukafunga pampu nyingine ya mafuta. Kila kifaa kilipata sifa ya bure kwa robo saa, halafu kikaitwa kibovu. Hakuna aliyejiuliza ni jambo gani tulilifanya kila mara kabla gari halijapona. Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa nyani mwenye kijiti mkononi.

Siku ile ya mlimani likazima tena. Watu wakasimama, wanawake na vikapu vyao, vijana na baiskeli zao. Mmoja akauliza kama Makande yameungua. Wakacheka. Moyo wangu ukawaka, nikatafuta wa kumbebesha aibu ile.

"Kabureta nani aliifunga?" nikauliza kwa sauti, ili wote wasikie.

"Nimeifunga mimi," Melkiori akasema.

"Basi ndiyo hiyo. Kazi ya kikimbizi hii. Mnafunga kwa kamba halafu mnamwachia Mungu."

Baadhi ya watu wakacheka tena, wengine wakatazama chini. Melkiori alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja baada ya kingine. Akaiweka spana juu ya kiti cha basi, taratibu, kama kitu cha mtu mwingine. Akasema, "Yusufu, miaka yote hii nilidhani ukiniita Melkiori unaniita mimi." Akashika njia ya Heru Juu kwa miguu, hakugeuka.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole kinavimba, kinapoa. Lile neno langu lilibaki pale barabarani, nikalisukuma gari kurudi mjini pamoja na watu nisiowajua, na kila hatua nalisikia.

Siku ya pili yake shangazi yangu Zuhura aliniita sokoni nimsaidie. Alikuwa akiuza mawese, mama mfupi, mpole, lakini upole wake ulikuwa na miiba. Alikuwa na debe jipya lililofungwa kwa risasi kote, na wateja wanangoja na chupa zao. Akanipa msumari na jiwe. Nikatoboa tundu moja pembeni, nikaliinamisha debe. Mawese yakatoka kwa kugugumia, kudu, kudu, kisha yakawa uzi mwembamba, kisha yakakoma.

"Shangazi, mafuta haya yameganda," nikasema. "Baridi ya asubuhi."

"Hayajaganda."

"Basi debe hili bovu. Aliyekuuzia kakupunja."

Akaiweka chupa chini, akaniangalia. Wateja nao wakaniangalia. "Umemaliza kuyalaumu mafuta, sasa unamlaumu mwenye debe," akasema. "Bado mimi. Lete huo msumari." Akatoboa tundu la pili upande wa juu, dogo sana, na mawese yakashuka mazito mekundu, bila kugugumia, mpaka chupa ikajaa.

"Umetoboa pa kutokea, ukasahau pa kuingilia hewa," akasema huku akifunga chupa. "Na wewe ndivyo ulivyo, Yusufu. Maneno yanatoka tu, hakuna linaloingia. Nimesikia ulichomwambia mtoto wa watu. Baba yako alipokuja hapa kutoka Ujiji, nani aliyempa mahali pa kulala? Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nenda kamtake radhi. Tena ulimtukana mbele za watu, usiende kumnong'oneza nyuma ya nyumba."

Macho yangu yalikuwa yamenasa kwenye lile tundu dogo la juu. Nikaliacha debe, nikaondoka mbio, shangazi akiniita nyuma.

Nilipofika gerejini nililiwasha Makande papo hapo lilipoegeshwa, nikakaa mbali na tangi, nikaficha na kijiti. Likanguruma, likaanza kukohoa, likazima. Nikashuka, nikaufungua mfuniko polepole, na hewa ikaingia kwa mlio, fyuuu, kama mtu aliyezama majini akapata kuvuta pumzi. Nikaliwasha, likawaka. Mara ya pili nikaliwasha mfuniko ukiwa umelegezwa. Nikangoja. Likaendelea kunguruma. Mwanangu, nilikaa pale nikilisikiliza gari langu likienda vizuri, na nikatamani lizime. Lingezima, ningebaki na haki yangu. Halikuzima. Kumbe mara zote zile, nilipofungua tangi kupima mafuta, mimi ndiye niliyekuwa nikiliponya bila kujua, na nilipolifunga tena mimi ndiye niliyelinyonga.

Sasa sikiliza jambo la aibu zaidi. Nilikuwa peke yangu. Msumari ulikuwepo, nyundo ipo. Ningeweza kutoboa, nikaenda Heru Juu kwa kishindo, nikasema nimeirekebisha kabureta yako. Nani angejua? Nilifika mpaka nikaushika msumari. Kilichonizuia si uungwana, nisikudanganye. Nilimwogopa shangazi.

Nikauweka mfuniko mfukoni pamoja na msumari, nikaenda Heru Juu. Nilimkuta Melkiori akipalilia maharage na baba yake.

"Mwakeye," nikasalimu kwa Kiha. Mzee akaitikia. Melkiori akaendelea kupalilia. Nikaeleza yote nikiwa nimesimama kwenye tuta, mambo ya debe, hewa, na mfuniko. Nilipomaliza, Melkiori akanyoosha mkono, nikampa. Akaugeuza mfuniko juani.

"Nani alikiziba?"

"Mimi."

"Kwa risasi?"

"Na mpira ndani."

Akaubonyeza mpira kwa kidole. "Umekiziba vizuri," akasema. "Kweli wewe ni fundi." Nikaona kona ya mdomo wake inacheza, nikacheka kwa hofu, naye akacheka kidogo, kisha akanirudishia mfuniko. "La kabureta limekwisha, Yusufu. Lile neno lingine bado."

Baba yake aliacha jembe. Aliingia ndani, akatoka na kibuyu cha mutobe, yale maji ya ndizi yasiyolevya, kwa kuwa alijua mimi Mwislamu. Alileta na mrija mmoja. Kwetu huku, na kwao pia, mtu hanywi kwa mrija mmoja na adui yake. Mzee akavuta kwanza, akampa mwanawe. Melkiori akaushika mrija ule muda mrefu bila kunywa, akiutazama. Halafu akavuta, akanipa mimi. Sijawahi kunywa kitu kitamu hivyo, wala kigumu kumeza hivyo.

Kesho yake nilisimama gerejini, mafundi wote wapo, na baadhi ya wale waliocheka mlimani wapo. Nikasema: kabureta ya Melkiori haikuwa na kosa, kosa lilikuwa kwangu, na lile neno nililolitamka halikuwa la gari, lilikuwa la uovu wangu, nalirudisha. Nikampa msumari na nyundo mbele yao. Akapiga pigo moja. Tukauvua ule mpira, tukafunga mfuniko, tukapanda Makande, na mlima ule tuliumaliza bila kukohoa. Hatukusimama mpaka Makere, tukanunua ndizi mbivu, tukala kama watoto waliotoroka shule.

Siku ya harusi tulifika Kibondo tukiwa wekundu kwa vumbi kuanzia nyusi mpaka viatu. Anastazia alipanda kiti cha mbele, shela lake tumelifunga kwa kanga lisipeperuke. Yule mjomba alilizunguka gari mara mbili, akitafuta la kusema. Mwishowe akaniuliza mimi, kwa kuwa nilikuwa na sura ya mtu wa mjini, "Hili ni nani hasa aliyelifanya litembee?"

Zamani ningejua la kujibu. Nikasema, "Melkiori ndiye aliyelifanya litembee, mzee. Mimi ndiye niliyekuwa nikilizuia." Akanitazama, akatazama mikono ya Melkiori yenye makovu ya kuchomelea, akaenda akaishika yote miwili. Akasema, "Karibu nyumbani, mkwe." Melkiori alilia, na ukimwuliza leo atasema ni vumbi.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu, na si ndefu. Kitu kikizima, anza na ulichokigusa wewe. Badilisha kifaa kimoja kwa wakati mmoja, ukipime, ndipo uende kingine, maana ukigusa vitatu hutajua kipi kilichoponya. Tundu usilolijua kazi yake usilizibe. Muulize aliyelijua kabla yako, kuuliza si ujinga. Na mwenzako akikosea, sema kosa, usiseme kabila lake, wala alikotoka, wala wazazi wake. Kidole kimoja hakivunji chawa, na gari halijengwi na mtu mmoja aliyebaki na haki yake. Ukigundua kosa ni lako, litangaze pale pale ulipomtangaza mwenzio. Linauma, lakini halikai.

Mfuniko wenyewe ni ule pale ukutani, wenye tundu la msumari. Melkiori hataki niutupe.

Mungu akupe mikono mizuri na masikio mazuri kuliko mikono. Akujalie safari zisizozimika mlimani, na zikizimika, akupe mtu wa kusukuma naye. Tazama, mwenzako anapita tena pale ng'ambo. Hii mara ya nne leo, na mtu asiyetaka kuitwa hapiti mara nne. Nenda kamwite, mwanangu. Mwite kwa jina lake.