Kibanda chenye Milango Miwili

Jambo lote lilinigharimu vyungu vitatu vikubwa, mkungu wa ndizi, na kiburi changu. Vyungu nilivihesabu mara mbili kabla ya kuvitoa. Kiburi kilikwenda bila hesabu.

Ilikuwa zamani za Mjerumani, kabla ya vita. Mimi ni Mkisi wa Ziwa Nyasa, mjane, nilikuwa nikileta vyungu kwa mtumbwi hadi Itungi, kisha kichwani hadi kando ya shule ya misheni, pale njia za mashambani zinapokutana. Bei yangu ilijulikana: chungu kimoja kwa mpunga wa kukijaza mara mbili. Wanyakyusa walilalamika kwamba kwingine ni mara moja. Niliwaambia waende huko kwingine, ila wasisahau kukagua kitako cha chungu.

Msimu wa ndege wa mpunga ulipofika, akina mama walipita alfajiri kwenda mashamba ya Ngonga, wakawaacha watoto mlangoni mwa shule kengele ikiwa bado imelala. Masomo yaliisha jua likiwa utosini, na mama walirudi likizama. Katikati hapo watoto walipigana, walishuka mtoni penye mamba, na waliketi juu ya vyungu vyangu.

"Mama," mwalimu akaniambia, "wewe uko hapa kutwa. Niangalizie hawa."

"Kwa malipo gani?"

"Baraka."

"Baraka haizuii mvua, Mwalimu. Nipe kile kibanda cha kuni, nikae humo na vyungu vyangu."

Akanipa. Watoto walikuwa kumi na wanne. Kila mmoja nilimfinyangia kikombe cha udongo chenye alama yake: samaki, jembe, mguu wa kuku. Mama akimleta mtoto, anakisimamisha kikombe kwenye kichanja. Akija kumchukua, anakifunika kinywa chini. Mtoto akianza kulia asubuhi nilimwonyesha kikombe chake: "Kimesimama. Basi yuko mtu atakayekuja kukifunika." Waliviamini vikombe kuliko walivyoniamini mimi, na hawakukosea. Jioni nilihesabu watoto, nikahesabu vikombe, kisha nikarudia.

Mlangoni nilimweka mzee mmoja mfuma vikapu. Yeye alitaka kivuli, mimi nilitaka jicho la pili. Biashara safi, sikutoa kitu. Watoto wote walimwita babu, na wadogo walisinzia wakitazama vidole vyake.

Lakini kikombe kimoja, chenye alama ya mtumbwi, kilibaki kimesimama kila jioni. Kilikuwa cha msichana wa miaka kama saba. Asubuhi mama yake alimwacha migombani nyuma ya kibanda na kukimbia kama mwizi, mtoto akaja kukisimamisha mwenyewe. Jioni hakutokea. Siku nne nilimpeleka mwenyewe hadi kwao, naye alilia njia nzima kwamba kikombe chake kinadanganya.

Baba yake, mpagazi, aliporudi safari alileta neno shuleni: kama mtoto anaenda kulia tu, kuanzia Jumanne atabaki nyumbani alee mdogo wake. Kilio kimalizike Jumatatu, au shule imekwisha.

"Huyu ndiye anayeshika masomo yangu kuliko wote," mwalimu alisema, na sauti yake haikuwa ya mchezo.

Nilijua. Siku moja alinihesabia vyungu, tukatofautiana kwa kimoja. Aliyekosea ni mimi.

Jumamosi nikamfuata mama yake shambani, nimebeba maneno makali. Alikuwa juu ya jukwaa la kufukuzia ndege, kombeo mkononi.

"Mama gani wewe, unamtupa mwanao migombani?"

Akanitazama kama anayemtazama mgeni aliyepotea njia. "Mama, pale mlangoni umemketisha nani?"

"Mzee wa vikapu."

"Huyo mzee wa vikapu ndiye aliyemzaa mume wangu."

Nikakaa chini, matopeni. Huku Unyakyusani mwanamke hamtazami baba mkwe wake. Akisikia anakuja, huacha njia na kujitupa kichakani, hata akiwa na mzigo kichwani. Miaka sita niliwaona wakitumbukia vichakani, vyungu vyangu vikivunjika, nami nikiwauzia vingine kesho yake. Desturi niliijua, na faida yake nilikuwa nimeila. Watoto niliwahesabu mara mbili. Wakwe sikuwahesabu hata mara moja.

"Tuko wakwe zake watatu," akaniambia. "Wenzangu wana mabinti wakubwa wa kuwatuma. Mimi huyu ndiye mkubwa wangu."

Nikarudi kwa mzee. "Babu, ulijua?"

"Nilijua. Mkwe wangu ana adabu. Sijawahi kuona hata kivuli chake."

"Na mjukuu wako analia!"

"Ningempeleka mimi nyumbani, lakini mama yake yuko huko."

Kumwondoa sikuweza, bila yeye nusu ya watoto wangekuwa mtoni. Nikamwomba afume ukuta wa mianzi katikati ya kibanda, na atoboe mlango wa pili nyuma, unaotazama migombani. Uwe tayari Jumatatu.

"Vyungu vinne vikubwa vya kupikia pombe," akasema.

"Kimoja."

"Vinne. Mimi ni mzee."

"Juzi ulisema wewe bado kijana."

"Juzi hukuwa na haraka."

Tukaishia vitatu, na mkungu wa ndizi wa kumlisha akifanya kazi. Ndiyo mara pekee nchi hii imenishinda bei. Jumapili mwalimu alijifanya hasikii mianzi ikipasuliwa, nami nikaenda kumweleza mama wa msichana habari ya mlango wa nyuma.

Jumatatu jioni baba mpagazi alikuja kusimama karibu na mwalimu, mikono kifuani. Akina mama walifunika vikombe, mmoja mmoja, wakaondoka na watoto wao. Ukabaki mtumbwi peke yake. Msichana aliukazia macho, midomo imeanza kucheza. Ndipo majani ya migomba yakatikisika, mama yake akaingia kwa mlango wa nyuma, jembe begani, akakifunika kikombe. Ko! Sijasikia kengele ya misheni iliyolia vizuri hivyo.

Mama akamnong'oneza mwanawe, naye akaupigia ukuta kelele: "Babu! Mama anasema ndaga fijo, asante sana! Na anasema huku chini umeacha tundu, kuku watapita!"

Mzee akakohoa upande wa pili. Kisha: "Mwambie mama yako kuku wakipita walipe!"

Mama akacheka, uso ndani ya nguo yake. Miaka minane ya ndoa, na hayo ndiyo maneno ya kwanza kuvuka kati yao. Baba akakunjua mikono.

"Kesho aje," akasema.

Nikahesabu vikombe. Kumi na vinne, vyote vimefunikwa. Nikavihesabu tena kwa raha tu. Kabla ya mavuno vilikuwa thelathini na kimoja, na waliokuwa wakiita bei yangu wizi walinijazia chungu mara tatu bila kuombwa. Sikuwazuia.

Yule msichana sasa ni mwalimu palepale. Mzee tulikwisha kumzika. Juzi mwalimu huyo kaniambia ukuta unaleta giza, watoto hawaoni kusoma, tuung'oe. Mama yake, ambaye hadi leo hupita mlango wa nyuma, kaniambia ukuta asiuguse mtu. Kila mmoja alikuja peke yake, na wote wawili niliwakubalia. Kibanda ni kimoja. Wewe unayesoma haya, nishauri: niende kwa nani nikamwambie nimebadili neno?