Mkono Niliouinua Mnadani

Nilikuwa na sauti. Nalisema hili mwanzo kabisa, kwa sababu bila sauti hiyo na majivuno yaliyokuja nayo, dada yangu hangepoteza cherehani yake.

Mwishoni mwa miaka ya sabini nilikuwa fundi wa rangi kwenye karakana ya reli. Nilipaka mabehewa. Nilikaa Shauri Moyo, katika chumba kimoja cha kanjo, yaani baraza la jiji, na kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi hakuna mtu aliyehitaji kunisikiliza. Msimamizi alinifokea, nami nikaitikia. Lakini Jumapili baada ya mahubiri mchungaji aliniita mbele, na hapo ndipo nilipokuwa mtu.

Nilikuwa muuzaji wa mnada wa sadaka. Washirika wasiokuwa na pesa walileta walichokuwa nacho: yai, kuku, mafungu ya sukuma wiki, mkungu wa ndizi uliosafiri kwa basi kutoka nyumbani. Vitu hivyo viliuzwa pale pale mbele ya kanisa, na pesa zikatiwa kapuni. Asiyejua mnada wa kanisa angetuona wendawazimu. Yai moja liliweza kununuliwa kwa bei ya kuku, na aliyelinunua mara nyingi alilirudisha mezani liuzwe tena, watu wakampigia makofi. Pale kununua ghali ndiyo iliyokuwa heshima. Ukitafuta bei nafuu, ni kama umeomba chenji ya sadaka.

Mimi kazi hiyo niliiweza. Niliijua nukta ile mtu anapojuta, mkono unapoanza kulegea kwenye kiwiko, na sikuiacha ipite. Nilimwelekezea kidole aliyeuinua nikamwambia, "Huo mkono usishuke, mama. Mungu ameuona na watu wameuona." Kanisa likacheka, mama naye akacheka kwa haya, na mkono ukabaki juu. Maneno hayo yalikuwa yangu. Watoto wa mtaa waliyaigiza wakicheza, nami nikipita nilijifanya sijasikia huku nimevimba kichwa.

Dada yangu, kitinda mimba wa kwetu, alikaa kiti cha mbele kila Jumapili. Alikuwa amekuja Nairobi akaajiriwa kufua na kulea watoto kwa familia moja ya Buruburu. Ibada ikiisha alinipokea kitabu changu cha nyimbo, akakibeba hadi nyumbani, akanipikia chai kabla ya kurudi kazini. Alikuwa msichana wa maneno machache. Alichokitaka alikitaja mara moja tu, nacho kilikuwa cherehani. Alikuwa amejifunza kushona katika darasa la akina mama kanisani, na fundi mmoja wa Gikomba alikubali kumwachia pembe ya kibaraza chake pindi atakapoipata mashine yake mwenyewe. Kila mwisho wa mwezi aliniletea mshahara wake nimwekee. Mimi ndiye niliyekuwa kaka mkubwa, tena chumba alicholala kwa mwajiri hakikuwa na kufuli.

Siku pesa zilipotimia, ilikuwa Jumamosi, tulikwenda Eastleigh. Duka tulilijua, bei tuliijua, na mwenye duka alikuwa amemwonyesha dada yangu mashine yenyewe wiki chache kabla. Hatukuwa na la kufikiria. Kumbe nilikuwa na masikio.

Tulipokuwa tukikata kichochoro kutoka First Avenue, nilisikia mtu akiuza kwa mnada. Sauti yake ilikuwa nzuri. Ilipanda, ikasita, ikashuka taratibu, na watu wakacheka pale alipotaka wacheke.

"Ngoja nimsikie huyu," nikamwambia dada yangu.

Sikwenda kununua. Nilikwenda kumpima kama fundi anavyompima fundi mwenzake, na hilo ndilo linaloniuma zaidi nikikumbuka.

Lilikuwa duka tupu ambalo vioo vyake vilibandikwa magazeti. Dalali alikuwa kijana aliyevaa kizibao, amesimama juu ya kreti la soda. Alisema mwenye mali anahama na hataki kubeba kitu. Alimuuzia bwana mmoja kitana kwa shilingi, kisha akampa kitana na shilingi yake akamrudishia. Akamuuzia mwanamke mmoja aliyebeba mtoto saa ya ukutani kwa shilingi kumi, na hizo kumi akazirudisha vilevile.

"Mimi sitaki pesa zenu, watu wangu," akasema. "Nataka kujua nani ananiamini. Mwenye imani atatoka hapa akiwa na mali, na mfuko wake uko vile ulikuwa."

Nusura niitikie amina.

"Twende, kaka," dada yangu akasema. "Duka litafungwa."

"Subiri kidogo. Mnada naujua mimi."

Ndipo alipoitoa cherehani. Ilikuwa nyeusi yenye maua ya dhahabu, na gurudumu lake liling'aa. Akauliza kama kuna fundi ndani ya nyumba, nami nikamsukuma dada yangu mbele. Akashona pindo la leso yake mbele ya watu wote. Mashine ilishona vizuri, na yeye akasahau tulipo, akatabasamu akiitazama sindano. Nilipoona tabasamu hilo nilijiona nimeshamnunulia.

Dalali akaeleza kwamba hiyo ilikuwa ya kuonyesha tu. Nyingine kama hiyo zilikuwa kwenye masanduku yaliyopangwa nyuma yake, yamepigwa misumari. Akaamuru mlango ufungwe, ili walio nje wasije wakaharibu bei.

Dada yangu akanishika mkono wa koti. "Mwambie afungue sanduku moja tuone."

Dalali alimsikia. "Mama mdogo, wewe ukipewa zawadi ya harusi unaifungulia mlangoni?"

Watu wakacheka. Nami nilicheka. Nilimcheka dada yangu mbele ya watu ili mtu nisiyemjua asinidhanie mshamba.

Akaanza kupandisha. Nani atamwamini kwa mia? Mikono mingi ikapanda, wangu ukiwemo. Kwa mia mbili? Kadiri alivyopandisha ndivyo mikono ilivyopungua, na kila mkono uliposhuka alitikisa kichwa kwa masikitiko. Tulipokaribia pesa zote nilizokuwa nazo mfukoni, nilizishika kwa mkono wa pili. Nilianza kuuteremsha mkono wangu. Nasisitiza kwamba nilianza, kwa sababu aliona.

"Mzee wa koti," akasema polepole, akinielekezea kidole. "Huo mkono usishuke. Watu wameuona."

Mtu angedhani maneno yangu mwenyewe yangeniamsha. Hayakuniamsha, yalinifurahisha. Nilijihisi niko nyumbani, kwa wenzangu, mahali ambapo anayeshikilia hadi mwisho hupigiwa makofi na kitu hurudishwa mezani. Nimesikia watu wakisema wanaonaswa na minada ile ni wenye tamaa. Tamaa ilikuwepo, sikatai, lakini haikutosha kuufanya mkono ukae juu. Mkono wangu uliwekwa juu na macho ya watu. Niliwaogopa wageni ambao nisingewaona tena maishani kuliko nilivyoogopa kumpotezea dada yangu jasho lake.

Nikatoa pesa zote. Dalali akazihesabu, akazitia ndani ya kizibao. Nikasimama pale nikingoja azirudishe. Akanitakia baraka, na vijana wawili wakanitwika sanduku begani, wakatuongoza mlango wa nyuma sisi tulionunua.

Tulipofika nje dada yangu akauliza, "Na pesa?"

"Atarudisha. Huwa wanarudisha mwishoni."

Tukasimama uchochoroni tukingoja. Baada ya muda alitoka mwanamke wa saa. Alimkabidhi mmoja wa wale vijana wawili ile saa ya ukutani, kijana akampa noti, naye mwanamke akaikunja na kuitia kifuani. Akatupita karibu kabisa, akimtuliza mtoto wake, na hakutugeukia. Nikarudi kugonga mlango. Niligonga hadi mwenye hoteli ya jirani akatoka akaniambia hao huwa hawakai, wanakodi siku moja tu.

Polisi sikwenda. Wangeniuliza ni nani aliyenishika mkono akauinua, na jibu nilikuwa nalo.

Sanduku tulilifungua chumbani kwangu kwa nyuma ya nyundo. Kabla hata hatujauondoa mfuniko nilisikia harufu ya rangi mbichi. Mimi, fundi wa rangi, nililibeba sanduku lile begani kutoka Eastleigh hadi Shauri Moyo, pua yangu ikiwa karibu na mbao, na harufu hiyo sikuisikia hadi nilipokuwa sina budi. Ndani mlikuwa na cherehani kweli, nyeusi, yenye maua ya dhahabu. Dada yangu akaiweka mezani, akazungusha gurudumu. Gurudumu lilizunguka vizuri, lakini sindano haikutikisika. Nikaifungua ubavuni nikatazama. Ilikuwa ganda la mashine kuukuu lililopakwa rangi upya. Matumbo yote yalikuwa yametolewa, na ndani wamejaza vipande vya chuma ili iwe nzito.

Dada yangu aliendelea kulizungusha gurudumu kwa muda, polepole, kisha akaniuliza kama nimekula. Akanipikia. Sikuweza kumtazama, na ugali ule niliumeza kama dawa.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Nilitaka kubaki kitandani, lakini kutokwenda kungehitaji maelezo, na maelezo sikuwa nayo ya kumpa mtu. Ibada ikaenda. Mchungaji akaniita. Nikatembea hadi mbele nikiapa moyoni kwamba leo nitauza haraka haraka, bei ya kwanza tu, nikae chini. Dada yangu hakuwa kiti cha mbele. Alikuwa ameketi nyuma, karibu na mlango.

Wakaniwekea yai mezani. Mama mmoja mjane, muuza mkaa wa mtaani kwetu, akainua mkono kwa bei ndogo. Ningemuuzia. Lakini mtu mwingine akaongeza, kisha mama naye akaongeza, na nikasikia sauti yangu imepata joto, inapanda, inasita, na kanisa linacheka pale ninapotaka licheke. Nikataja bei nyingine. Mkono wa yule mama ukaanza kulegea kwenye kiwiko.

Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Ilikuwa fupi, lakini ilikuwepo.

"Huo mkono usishuke, mama," nikasema. "Mungu ameuona na watu wameuona."

Kanisa likaangua kicheko. Mama wa mkaa akacheka kwa haya, mkono ukabaki juu. Kisha akaja mbele akifungua fundo la leso yake kwa vidole vyeusi, akahesabu sarafu moja moja juu ya meza, na fundo likabaki tupu. Nikatazama mlangoni. Dada yangu hakuwa amecheka. Alikuwa akimtazama yule mama, si mimi.

Tulipotoka nje nilimvuta kando ya ukuta. Aibu ilikuwa imenivaa hadi masikioni. Nikamwambia nitamlipa, hata ikichukua miaka, nitaomba zamu za ziada karakana, nitamnunulia mashine nyingine Gikomba. Nililipa kweli baadaye, kidogo kidogo, lakini fundi wa Gikomba alikuwa ameshampa mtu mwingine ile pembe ya kibaraza, na dada yangu akaendelea kufua nguo Buruburu hadi alipoolewa. Siku hiyo alinisikiliza hadi nikamaliza ahadi zangu zote.

"Sikuwa nafikiria pesa," akasema.

"Ulikuwa unafikiria nini?"

Alimtazama mama wa mkaa, aliyekuwa akienda zake peke yake na yai lake mkononi. Hakuwa amelirudisha mezani. Nadhani lilikuwa ndilo chakula chake cha mchana.

"Yule wa jana unamshinda, kaka," akasema. Hakusema kwa hasira. "Yeye ilibidi afunge mlango."

Kisha akanipokea kitabu cha nyimbo, kama kawaida yake, akatangulia kwenda kunipikia chai.