Neno la Siri la Dolphine

Dolphine alikuwa mchuma chai kwenye shamba moja la Kericho. Mwaka wa 1999, msimamizi wake alipozidi kumsumbua akimtaka kimapenzi, alimwandikia ndugu yake imeli kupitia ofisi moja mjini iliyokuwa ikiwatumia watu imeli kwa malipo. Aliporudi kuchukua jibu, mwenye ofisi alitabasamu.

"Kumbe unataka kumshtaki rafiki yangu?"

Ndipo Dolphine alipoelewa. Jamaa alikuwa akisoma kila kitu.

Akakimbilia Sotik kwa Chepchirchir, mwenye kompyuta, aliyemfungulia anwani ya imeli iliyokuwa ya Dolphine peke yake.

"Weka neno la siri, mama. Mimi naangalia dirishani."

"Na msimamizi na rafiki yake wakija kukuuliza?"

"Nitawaambia nini na sijui?"

Dolphine aliandika neno lake, kisha akamwandikia ndugu yake upya. Ndugu yake alikuja na polisi, msimamizi akakamatwa. Lakini kwa miezi mingi, kila kishindo cha miguu nje kilimtia Dolphine baridi.